Mama Libérate Ndayizeye, Aliyemfutia Mumewe Ushindi

Ijumaa ya tarehe 31 Julai 2026, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Mama Libérate Ndayizeye, mratibu wetu wa mafunzo kwa jamii, atarudisha funguo za ofisi ya Kura Hai na kustaafu. Nasema funguo kwa wingi kwa sababu anazo hata za milango ambayo sisi wengine hatujawahi kuiona.

Mkurugenzi wetu, Estella, ameniomba niandike maneno mafupi ya kijitabu cha sherehe. Mimi ni Mhaya wa Bukoba. Kumwomba Mhaya maneno mafupi ni kumwomba kuku asichakure. Nitajitahidi.

Kwa wageni watakaokisoma kijitabu hiki wakisubiri pilau: Kura Hai ni shirika dogo lisilo la kiserikali, lenye ofisi katika nyumba ya zamani hapa Glenwood, mjini Durban, juu ya vyumba vya wanafunzi wanaopika tambi kila saa. Kazi yetu ni kudai namna bora ya kupiga na kuhesabu kura. Tunaamini kwamba mtu asichague jina moja tu, bali awapange wagombea: huyu kwanza, akishindwa huyu, akishindwa naye basi yule. Tunawaeleza hivyo wakubwa wanaotunga sheria. Na kwa kuwa wakubwa huchelewa kuelewa, tunaanza na makanisa, vyama vya wafanyabiashara na yeyote mwenye mwenyekiti asiyetaka kuondoka.

Mama Libérate hakuja kwetu kutafuta kazi. Alikuja kutafuta chumba.

Ilikuwa mwaka 2007. Getini palikuwa na kibao kinachosema nafasi ipo, na siku hiyo Estella alikuwa akisaili watu waliotaka kazi ya mratibu. Mama Libérate, mwalimu wa hesabu kutoka Bujumbura ambaye hakuwa na muda mrefu hapa Durban, aliona kibao, akapanda ngazi, akapewa kiti. Alidhani wenye nyumba wa mji huu ni wakali, wanamchunguza mpangaji kabla ya kumpa ufunguo.

Estella akamuuliza ana maoni gani kuhusu uwakilishi wa uwiano.

"Ni sawa tu," akajibu Mama Libérate, "bora kila mtu apate nafasi kwa kufuata idadi yao, na wanaume wasimalize maji ya moto."

Estella aliandika kwenye karatasi yake: anaeleza mambo magumu kwa mifano ya nyumbani. Akamuuliza angefanya nini kundi kubwa likiwaonea wachache.

"Ningewapangia zamu ya jiko."

"Unaweza kuanza lini?"

"Hata leo. Godoro niko nalo hapo nje."

Hivyo ndivyo tulivyopata mfanyakazi bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Kosa liligundulika godoro lilipokuwa tayari limefika ghorofani. Estella alitaka kucheka, lakini Mama Libérate hakuwa akicheka. Alikuwa amekaa juu ya godoro lake akisoma vijarida vyetu, na alipomaliza cha pili alisema hesabu zilizomo zina makosa. Zilikuwa na makosa. Akapewa kazi. Chumba alikipata baadaye, yeye na mumewe, katika maghorofa ya South Beach, ila godoro lilikaa ofisini mpaka Krismasi. Mimi nilipoajiriwa nilidhani ni samani ya shirika, nikalilalia mara kadhaa saa za kazi. Naomba wafadhili waliohudhuria wairuke aya hii.

Mwanzoni alifundishia matunda. Aliweka mezani papai, nanasi, embe na kichane cha ndizi, akayaita wagombea, akawataka watu wayapange kwa mapenzi yao. Njia ilikuwa nzuri, lakini Glenwood ina tumbili. Siku moja, kura zikiwa zimeshahesabiwa na ndizi zimetangazwa mshindi kwa halali, tumbili aliingia dirishani, akamchukua mshindi mzima mzima, akaenda kumla juu ya paa mbele ya wapiga kura wake. Darasa likataka kujua sheria inasemaje. Mama Libérate alifikiri kidogo, akasema, "Mgombea akifariki kabla ya kuapishwa, tunarudia." Wakarudia. Nanasi likashinda, wakafunga dirisha.

Lakini sifa yake halisi, ile iliyomtoa Glenwood hadi makanisa ya Pinetown na kwingineko, ilitokana na uchaguzi wa Umoja wa Wasusi na Mafundi Simu wa South Beach, mwaka 2015. Habari hiyo nitaieleza kwa utulivu, maana nilikuwepo, na kiti kimoja kilirushwa upande wangu.

Umoja ule si chama cha mchezo. Watu wetu wengi hapa hawana shangazi wala mjomba mjini. Mwanachama akilazwa, Umoja ndio unaokwenda kumwona. Akifiwa, Umoja ndio unaoleta hema, viti na sufuria. Mwenyekiti alikuwa Steve, fundi simu kutoka Lubumbashi, mtu mchangamfu mwenye sauti ya kuuzia samaki. Kila uchaguzi, wasiompenda walikuwa wengi kuliko wanaompenda, lakini walisimamisha wagombea watatu au wanne, wakagawana kura, na Steve akapita katikati yao akipunga mkono.

Wasusi walipochoka, waliunda uongozi wao, wakachonga muhuri wao, wakanunua na hema lao. Basi dada mmoja anayeitwa Carmel alipofiwa na mama yake, zilikuja jumuiya mbili kumfariji. Mahema mawili yalisimamishwa uani kwa ghorofa lake, bega kwa bega. Hakuna aliyekubali kuketi katika hema la mwenzake. Mvua ilinyesha. Carmel, ambaye ana wateja wa kusuka na rafiki wa pande zote, aliogopa kuwaudhi, akaweka kiti chake katikati, kwenye ule mwanya kati ya mahema, akalia pale huku maji yakimtiririkia kichwani. Pande zote mbili zilimwimbia nyimbo za faraja, nyimbo tofauti, kwa wakati mmoja.

Siku hiyo watu waliona haya. Wakatuita.

Steve hakupinga. "Mama, leta système yoyote unayotaka," alimwambia Mama Libérate. "Miye nitashinda tu. Sharp." Sharp ndiyo "sawa" ya mjini hapa.

Mama Libérate alianza kwa mazoezi, na safari hii aliacha matunda akaja na chakula cha mchana. Aliwauliza wanachama: mkutano ujao tule nini? Kulikuwa na ugali kwa sombe, yaani kisamvu, ugali kwa maharage, ugali kwa ndagala, wale dagaa, na bunny chow, ule mkate wa Durban unaochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa pilipili. Kwanza walipiga kura kwa mtindo wa zamani, kila mtu alama moja. Bunny chow ikashinda. Steve na vijana wake wakashangilia, huku kina mama wa saluni wakiguna, maana karibu ukumbi mzima ulitaka ugali. Uligawanyika tu kwa ajili ya mboga.

Kisha akawahesabu upya. Ndagala ilikuwa na wachache kuliko wote, ikatolewa. Akawaendea watu wake mmoja mmoja: "Kama ndagala hakuna, utakula nini?" Wengi wakasema maharage, wengine sombe. Bunny chow haikuongezeka hata mtu mmoja. Sombe ikazidiwa kidogo, ikatolewa nayo, na watu wake wakahamia kwa maharage kama familia moja. Ugali kwa maharage ukashinda kwa mbali.

Ukumbi ulipiga makofi. Steve peke yake hakupiga, uso umekunjamana kama mtu anayesikia harufu asiyoijua.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mama, donc miye njo bunny chow?" Yaani, kwa hiyo yeye ndiye bunny chow.

"Sijasema hivyo, baba."

"Lakini uko unaniangalia!"

Tangu siku hiyo watu wa South Beach humwita Bunny Chow, na wakimwita Steve, jina lake la ubatizo, anageuka kuona anayeitwa ni nani.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika Jumapili moja mchana katika ukumbi wa kanisa. Wagombea walikuwa watano. Alikuwepo Steve. Alikuwepo Julienne, msusi kutoka Bukavu, mpole, ambaye hakuna aliyegombana naye. Walikuwepo fundi simu mmoja na muuza vitenge mmoja waliojitokeza zaidi kwa ajili ya kupigwa picha. Na alikuwepo Pierre-Claver, fundi cherehani na shemasi, ambaye aliwashonea wanachama sare zao na kila mtu alimheshimu. Tatizo lake lilikuwa moja tu: ni mume wa Mama Libérate.

Maneno yakaanza mapema. Mke anahesabu, mume anagombea. Haki itatoka wapi? Estella alijitolea kuhesabu yeye. Mama Libérate akakataa kwa upole, akasema atahesabu mbele ya macho ya wote, kila karatasi itainuliwa juu na kusomwa kwa sauti, na anayetaka kushika tochi ashike.

Karatasi ya kura aliitunga mwenyewe. Majina matano, na mbele ya kila jina kisanduku cha kuandika namba, moja hadi tano. Alieleza kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kifaransa, akauliza kama kuna swali. Watu wote wakatikisa vichwa kwamba wameelewa. Baada ya miaka yangu ya kazi hii, leo nikiona ukumbi mzima unatikisa kichwa namna ile, natafuta mlango uko wapi.

Hesabu ya kwanza ilipokwisha, Mama Libérate alizitazama karatasi, akazitazama tena, akatangaza kwamba Steve ametolewa. Hakuna hata mtu mmoja aliyemweka wa kwanza.

Steve akasimama.

"Haiwezekani," akasema Steve. "Eish! Hata miye mwenyewe?"

"Karatasi njo zinasema hivyo, baba," akajibu Mama Libérate. "Hakuna moja mbele ya jina lako."

Julienne, ambaye alikuwa karibu naye, akamgeukia. "Kwani wewe ulijipea ngapi?"

"Tano!" akapaza sauti Steve. "Tano kamili! Mteja akifurahia kazi yangu, kwenye simu ananipea nyota tano. Njo na miye nikajipea tano!"

"Hata siye tulikupea tano!" wakaitikia vijana wake kutoka nyuma.

Hapo kelele zilianza. Wasusi walicheka mpaka vilemba vikalegea. Vijana wa Steve walidai tano ihesabiwe kuwa juu. Wengine wakajibu kwamba darasani wa kwanza ni wa kwanza, wa tano ni wa tano. Mama Libérate aliomba hesabu imalizike kwanza kama ilivyoandikwa, ili watu waone mwisho wake, na ikamalizika. Mshindi akawa Pierre-Claver.

Pierre-Claver akasimama. Alikuwa amevaa suti aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, yenye kitambaa cha ndani cha hariri nyekundu ambacho hakuna angekiona asipoinua mkono, akainua mkono. "Ndugu zangu wapendwa katika Bwana," akaanza.

Hapo ndipo kiti kiliporushwa.

Ningependa msomaji aelewe hali aliyokuwa nayo mwenzetu wakati ule. Sheria zilikuwa zimeandikwa, maelezo yalitolewa kwa lugha mbili, kura zilihesabiwa hadharani, na aliyeshinda alikuwa mume wake, mtu mwema, aliyekuwa ameupenda uongozi ule kwa muda mrefu. Angeweza kusema sheria ni sheria, akafunga sanduku. Estella mwenyewe alimnong'oneza hivyo hivyo. Mimi nilikuwa chini ya meza, lakini ningeunga mkono.

Mama Libérate alipanda juu ya benchi. "Naomba mikono," akasema. "Nani alidhani moja njo mzuri zaidi?" Nusu ya ukumbi ikainua. "Nani alidhani tano njo mzuri zaidi?" Nusu nyingine ikainua. Msusi mmoja aliinua mara zote mbili, akaeleza kwamba alimpenda Julienne kwa moja na Pierre-Claver kwa tano.

Mama Libérate aliwatazama, kisha akamgeukia mumewe, ambaye bado alikuwa amesimama.

"Baba Gaël, kaa chini."

"Mama Gaël," akasema Pierre-Claver polepole, "nimeshinda."

"Karatasi njo imekupa. Watu bado hawajachagua. Kosa ni la karatasi, na karatasi niliandika mimi. Tunarudia."

Pierre-Claver akaushusha mkono, hariri ikarudi ndani, akakaa. Hakuna aliyecheka. Steve naye alikaa. Mtu aliyerusha kiti alikuja kukichukua, akaniomba radhi.

Njiani kurudi nyumbani, Pierre-Claver alitembea mbele na mkewe akafuata nyuma, na walipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, akavuka barabara bila kumsubiri, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane. Katika sala ya jioni alimwombea mkewe kwa sauti kubwa kuliko kawaida, akimtaja kwa majina yote matatu. Mama Libérate aliitikia amina.

Siku zilizofuata alizunguka South Beach akitafuta maneno. Aliwauliza kina mama waliokaa chini ya mashine za kukaushia nywele, akawauliza wateja wa maduka ya simu. Akagundua kwamba namba ndizo zilizowachanganya, lakini lile swali lake la mboga lilieleweka kwa kila mtu. Akatupa namba. Karatasi mpya ilikuwa na mistari mitatu tu: Namtaka huyu. Akikosekana, huyu. Akikosekana naye, huyu.

Mtu wa kwanza kupelekewa karatasi hiyo alikuwa Steve. Alikuwa kwenye meza yake akifungua simu ya mtu. Aliisoma, akaigeuza kuona kama kuna mtego nyuma, akaisoma tena.

"Hii hata miye siwezi kukosea," akasema.

"Njo maana nimekuletea wewe kwanza."

Uchaguzi ukarudiwa, na hakuna aliyeuliza tano ni juu au chini. Pierre-Claver alitolewa mapema kuliko alivyotarajia. Wakabaki Steve na Julienne. Watu wengi hawakuwa wamemweka Julienne mstari wa kwanza, lakini karibu kila mtu alimweka wa pili, hata vijana wa Steve, maana ndiye aliyewasuka dada zao kwa mkopo. Akashinda. Macho yote yakamgeukia Steve. Alikwenda mbele, akampa Julienne mkono, akauambia ukumbi, "Basi, bunny chow imeliwa."

Julienne alikuwa na akili ya uongozi. Alimfanya Steve kuwa msimamizi wa mahema, na akamwomba Pierre-Claver ayashone mahema yote mawili kuwa moja. Pierre-Claver alikubali, ingawa ilikuwa kazi ya kuchosha: moja lilikuwa refu kuliko jingine, moja buluu, jingine la mistari. Likatoka hema linaloinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Lakini lina nafasi ya watu wote, na mshono haupitishi maji. Carmel ndiye aliyekuja kuujaribu kwa ndoo.

Tangu wakati huo Pierre-Claver amekuwa akimuuliza mkewe swali moja. "Mama Gaël, kweli kabisa, siku ile uliniweka mstari wa ngapi?" Naye hujibu, "Kura ni siri, Baba Gaël," akaendelea na anachokifanya. Pierre-Claver amejaribu kumuuliza akiwa na homa, akiwa na furaha, hata akiwa usingizini. Hajafua dafu.

Karatasi ya mistari mitatu imetumika katika makanisa, vyama vya wafanyabiashara, mabweni ya wanafunzi na kwaya moja ambayo hatutaitaja, iliyokuwa na soprano wanne wote wakidai kuongoza. Imetafsiriwa kwa Kifaransa, Kirundi na Kizulu. Wapo waliotushauri tuiite jina la kitaalamu. Watu wanaiita karatasi ya Mama Libérate, na sisi tumeacha kuwasahihisha.

Kizulu chenyewe ni habari nyingine. Mama Libérate alikifundishwa na majirani, na alikitumia bila woga, kama anavyotumia pilipili. Tulipoalikwa kutoa maoni Pinetown, katika mkutano wa hadhara kuhusu sheria za uchaguzi, alisisitiza kuzungumza mwenyewe kwa lugha ya wenyeji. Alitaka kusema tumekuja kubadilisha umthetho, yaani sheria. Akasema tumekuja kubadilisha umthwalo, yaani mzigo. Ukumbi ulitazamana. Bibi mmoja wa mstari wa mbele, MaKhumalo, aliuliza kwa huruma mzigo wenyewe uko wapi, vijana wausaidie kuubeba.

Kicheko kilikuwa kirefu. Lakini kilipokwisha, mwanaume mmoja alisimama nyuma, hakuwa amecheka. Akauliza kwa Kiingereza watu wasioruhusiwa kupiga kura nchini humu wanatafuta nini katika mkutano kama huu. Swali hilo sisi tunalijua. Wengine wetu hulisikia hata dukani. Mimi nilianza kukusanya makaratasi.

Mama Libérate hakukusanya chochote. Alimjibu taratibu, kwa Kiingereza, ili lisipotee neno. "Baba, mimi ni mpangaji. Wajukuu wangu wamezaliwa hapa, wao ni wenye nyumba kama wewe. Paa likivuja nikakaa kimya kwa sababu si langu, wajukuu wangu watalowa, na wako watalowa. Sikuja kuchukua funguo. Nimekuja kusema kuna maji."

Yule baba, bado amesimama, akasema atafikiri. MaKhumalo akamwambia akae afikirie akiwa amekaa, watu wa nyuma wanataka kuona. Baada ya mkutano MaKhumalo alimshika Mama Libérate mkono, akamfundisha tofauti ya sheria na mzigo, ingawa alikiri kwamba kwake yeye mara nyingi ni kitu kimoja. Wamekuwa marafiki hadi leo.

Wengi wetu hatukujua jambo moja kuhusu mwenzetu. Katika miaka yote aliyofundisha watu kupiga kura, yeye hakuwa amewahi kuchagua serikali. Kwao Burundi aliondoka kwa kukimbia, na hapa hakuwa raia. Alikuwa akipanga viti, akieleza, akihesabu za wenzake, kisha anakwenda nyumbani. Uraia aliupata akiwa ameshazeeka kidogo, na tarehe 29 Mei 2024 ikawa zamu yake.

Maandalizi yalikuwa magumu. Kama mkufunzi asiyeegemea upande wowote, hakutaka kuvaa rangi ya chama. Akatoa nguo zote kabatini. Kijani ina wenyewe, njano ina wenyewe, nyekundu, buluu, nyeusi, zote zina wenyewe. Mwishowe alivaa koti la mvua la Pierre-Claver, ambalo rangi yake haijawahi kutambuliwa na mtu yeyote, na jua lilikuwa linawaka.

Mimi na Pierre-Claver tulimsindikiza mpaka getini kwa shule iliyokuwa kituo cha kura, tukasimama nje na wengine wasiohusika. Foleni ilikuwa ndefu. Akaingia. Tukangoja. Watu waliokuwa nyuma yake wakatoka. Waliokuwa nyuma ya hao wakatoka. Pierre-Claver akaanza kusema Baba Yetu.

Ndani, kama alivyotusimulia baadaye, mambo yalikwenda hivi. Alipewa karatasi tatu, ya kwanza ndefu kama kitambaa cha meza, imejaa vyama. Sheria ilitaka alama moja tu. Mama Libérate analijua hilo kuliko mtu yeyote wa mtaa ule. Lakini mkono ulikuwa umezoea. Aliingia kituturini, akavaa miwani, akaanza kuvipanga vyama vyote kwa namba, kuanzia juu, kwa haki na bila upendeleo, akisimama kila mara kukumbuka sera zao.

Baada ya muda, msimamizi wa kituo, binti mpole, alisogea kwenye pazia. "Mama, uko salama?"

"Bado kidogo, mwanangu," akajibu. "Nimefika namba kumi na saba."

Karatasi ilikuwa imeharibika. Binti akampa nyingine, kwa kuwa inaruhusiwa, na Mama Libérate akamweleza kwa kifupi kwa nini utaratibu wa namba ni bora. Wakala wa chama kimoja alikuja kusikiliza. Wa pili naye akaja. Ndiyo maana tulingoja vile.

Alipotoka, kidole gumba cha kushoto kilikuwa na wino. Pierre-Claver alikimbia kumpokea, akidhani kuna aliyezimia. Mkewe alikuwa akilia, na alikuwa akicheka, na hakujali lipi lilikuwa lipi.

"Walisoma jina langu kwa sauti," akatuambia. "Yule kijana hakuweza kulitamka. Akaita, Liberty. Liberty Ndayizeye. Watu wote wakageuka. Nikasema, ni mimi."

Pierre-Claver alimshika mkono usio na wino, tukaondoka.

Kwa siku nyingi baada ya hapo hakugusa maji ya sabuni. Alisema wino utatoka. Alipika, alifagia, alifanya kazi zake ofisini kidole kikiwa juu kama mtu anayeomba nafasi ya kusema, na vyombo viliachwa kwenye karai. Pierre-Claver aliviosha asubuhi na jioni. Tulipomuuliza kama amechoka, alisema hapana, akakunja mikono ya shati, akasema aliowahi kuwashonea sare ni wengi, lakini hajawahi kumshonea mtu kitu alichokipenda kama mkewe alivyoupenda wino ule.

Mama Libérate, kwa niaba ya Estella, wafanyakazi wote, wajumbe wa bodi na kila ukumbi uliowahi kuutuliza ukiwa juu ya benchi: asante. Umetufundisha kusoma karatasi zetu wenyewe kwa mashaka, na kusoma watu kwa subira. Tunajua unahamia Pinetown kuishi karibu na wajukuu, na tumesikia kwamba kamati ya wakazi wa jengo hilo ina mwenyekiti wa muda mrefu. Tunamwombea.

Mungu akupe miaka mingi yenye afya, miguu isiyouma, na majirani wanaouliza maswali. Pumzika, mama yetu. Na Baba Gaël aendelee kuuliza, nawe uendelee kukataa kumjibu, mpaka mtakapozeeka kabisa.

Gosbert,
Ofisi ya Kura Hai, Glenwood